Mangi bado yupo: maongezi kuhusu namna tunavyonunua vitu

Haya jamani, mliosimama huko nyuma, viti vya mbele viko vitupu, njooni hatung'ati. Nimeambiwa niongelee tabia za manunuzi kwenye nchi zinazoendelea, mada ndefu kama safari ya Kigoma, kwa hiyo mi naanza padogo tu. Mikono juu, nani leo au jana kaenda dukani kwa mangi? Ona, karibu wote. Na nani kaingia supamaketi wiki hii? Watano... sita. Na wewe dada nahisi ulifuata kiyoyozi tu.

Kwa wenzetu mliotoka Burundi na Kongo, mangi ni cheo cha watawala wa Kichaga zamani, ila hapa Dar ni mwenye duka la mtaani, hata awe Mkinga wa Makete au Mpemba, akishasimama nyuma ya nondo na mzani basi huyo ni mangi.

Sasa miaka ya 2000 ukisikiliza wachumi walikuwa wanasema mangi anakufa. Walikuwa na sababu, maana Amerika ya Kusini miaka ya 1990 supamaketi zilikuja kwa kasi zikakamata sehemu kubwa ya biashara ya chakula, na ikaonekana sisi ndo tunafuata, jengo la maduka la Mlimani City likafunguliwa 2006, watu wakaanza kupiga picha na toroli. Afu nini kikatokea? 2014 Shoprite, wale wa supamaketi za Afrika Kusini, wakauza maduka yao ya hapa kwa Nakumatt ya Kenya wakaondoka. 2015 Uchumi, supamaketi nyingine ya Kenya, wakafunga. Nakumatt nao wakaanguka, kule kwao Kenya wakaingia kwenye kufilisiwa kabisa Januari 2020. Jumia walikuja na mambo ya kuagiza mtandaoni, Novemba 2019 wakasema kwaheri Tanzania. Na mangi? Yupo, kaongeza friji ya soda.

Mi niliwahi kuwa mtu wa stoo kwenye supamaketi moja, jina tuliache. Naongea kitu nilichokiona. Wasambazaji walikuwa wanakuja kudai hela zao wanakaa kwenye benchi pale mapokezi toka asubuhi, kuna mzee mmoja wa mayai alikuwa anakuja na gazeti kabisa, analimaliza, anaondoka bila hela. Mwishowe mayai hayaji, maziwa hayaji, shelfu unazipanga chupa moja moja mbele ili zionekane zimejaa. Kwa hiyo ndiyo, uendeshaji mbovu na madeni vimeua nyingi, sibishi. Lakini hata zile zilizoendeshwa vizuri zilikuwa zimejengwa kwa ajili ya mtu ambaye hapa ni mchache: ana gari, ana friji kubwa, na hela yake inakuja mara moja kwa mwezi.

Hapo ndo hoja yangu ilipo, yaani mkisahau yote shikeni hii tu: mtu ananunua kwa mwendo ule ule ambao hela inamwingilia. Bodaboda anapata hela kila siku, anapeleka hesabu ya bosi, inayobaki ndo ya leo. Mama lishe hivyo hivyo, fundi ujenzi hivyo hivyo. Mtu wa namna hiyo ukimwekea dumu la mafuta la lita tano kwa bei ya ofa humsaidii, hela ya dumu lote hana leo, na akijibana akalinunua basi kesho hana ya nauli.

Tufanye hesabu. Tuseme sukari kilo 3,000, mangi anauza robo kwa 800. Robo nne ni 3,200, kwa hiyo anayenunua robo robo analipa 200 zaidi. Mafuta ndo balaa, tuseme lita ni 6,000, mangi akipima vipimo vya jero, yaani mia tano, anatoa vipimo 14, piga hesabu, 7,000. Maskini analipa zaidi kwa kitu kile kile! Wasomi wengi wakifika hapo wanaishia kusema watu hawajui hesabu, wafundishwe. Mi nakataa. Yule mama anaijua hiyo buku iliyozidi kuliko mimi na wewe, ila anajua pia kwamba dumu likiwepo ndani jirani ataomba, watoto watamwaga, na mume akiona mafuta yamejaa hatoi hela ya mboga wiki nzima. Kipimo cha jero kinamlindia hela yake. Analipia ulinzi.

Na si sisi tu. Ufilipino wana neno lao kabisa, tingi, kununua kidogo kidogo kwenye viduka vya mtaani, sigara moja, kitunguu kimoja. India miaka ya 1980 shampuu za pakiti ndogo kama Chik ndo zilifikisha shampuu kwa watu ambao chupa nzima hawakuwahi kuiwaza. Wenzetu Nairobi supamaketi zimeshika kuliko huku, Naivas wapo kila kona, Carrefour waliingia 2016, ila hata kule wana msemo wao wa uchumi wa kadogo.

Halafu angalieni nani kamuiga nani. Luku unanunua umeme wa buku mbili. Bando unanunua la siku, la masaa. Simu unakopeshwa unalipa kila siku, usipolipa inajifunga. Makampuni makubwa yenye wataalamu na suti yamekuja kujifunza kwa mangi kupima kwa kipimo cha jero, na hakuna aliyemlipa ada.

Sasa msinielewe vibaya kwamba hakuna kinachobadilika. Vinabadilika sana. Kuna Mjerumani mmoja mtakwimu, Ernst Engel, mwaka 1857 alionyesha kwamba kipato kikipanda, sehemu ya hela inayoenda kwenye chakula inashuka. Hapa kwetu kwenye kapu la NBS, ofisi ya taifa ya takwimu, yaani orodha ya vitu wanavyopimia mfumuko wa bei, lile la mwaka wa kizio 2015 vyakula na vinywaji baridi vilibeba 38.5%, kapu la 2020 vikawa 28.2%. Mwalimu wenu wa takwimu atawaambia kapu likitengenezwa upya na njia za kuhesabu zinabadilika, sawa, ila mwelekeo unauona hata mtaani, hela inaenda kwenye bando, nywele, simu, ada, gesi.

Na duka lenyewe limebadilika sura. Piteni Sinza, Tabata, Kimara, hesabuni fremu zilizoandikwa mini supamaketi. Nyingi humo ndani ni mangi yule yule, katoa nondo, kaweka shelfu na vigae vyeupe. Inaonekana kitu kidogo ila zamani ulikuwa unasimama dirishani unaomba, shikamoo mangi, naomba sabuni, sabuni gani, ile ya bluu, na mtaa mzima unasikia umenunua nini. Saivi unaingia, unashika, unasoma bei, unarudisha bila kumwambia mtu kwamba hela haitoshi. Wadada waliniambia hata pedi wananunua kwa raha sasa hivi. Hiyo nondo ilikuwa inazuia vitu vingi zaidi ya wezi.

Lakini badiliko kubwa kwangu ni simu, na haikuja vile walivyotutabiria. Huduma za pesa kwa simu zimeanza hapa 2008, wengi tukadhani mwisho wake ni kukaa kitandani unaagiza unaletewa. Kilichotokea nakiona kila jioni pale kwetu. Mtoto wa miaka sita anakuja dukani mikono mitupu, anasimama tu. Simu ya mangi inalia meseji. Mama yake yuko kwenye daladala, amekwama kwenye foleni, katuma buku tatu na anapiga, "Mangi mpe huyo sukari robo, mafuta ya jero, inayobaki mpe unga, na pipi usimpe." Mangi anapima, anafunga, mtoto anaondoka na mfuko na kilio cha pipi. Ndo biashara mtandao yetu hiyo! Dereva wa kuleta mzigo ana miaka sita.

Ila ni kitu chepesi kuvunjika pia. Julai 2021 ilipokuja tozo ya miamala, ile ya serikali kwenye kutuma na kutoa hela kwa simu, nilimwona mangi wetu anageuza lile bango la lipa kwa simu, watu wakarudi kwenye keshi, na mpaka tozo zinapunguzwa baadaye kuna wateja wazee hawakurudi tena kwenye simu, walishachomwa.

Kwenye Instagram ntapita haraka maana nyie mnajua kuliko mimi. Duka la Kariakoo halina hata fremu ya mbele, liko ghorofa ya tatu stoo, ila lina wafuasi maelfu na bei ziko DM. Mi nilinunua viatu namba 43, nikatuma hela yote, kikaja cha kushoto 43 na cha kulia 41. Nilipouliza nikablokiwa. Toka siku hiyo nalipa mzigo ukifika, na naona wengi ndo hivyo hivyo, bodaboda anasubiri mlangoni wewe unajaribisha umekaa kwenye ngazi.

La mwisho, daftari. Mangi hakuwa anauza sukari tu, alikuwa anauza subira, unaandikwa leo unalipa Jumamosi, hamna riba, riba yake ni aibu. Sasa saivi mtu akipungukiwa elfu mbili anatumia Songesha, mkopo mdogo wa M-Pesa, simu inamjazia, anamlipa mangi hapo hapo, deni anabaki nalo kwenye simu na ada juu yake. Nilimuuliza mangi wetu, vipi huna raha? Akasema nusu nusu. Wanaolipa vizuri wamehamia kwenye simu, daftarini wamebaki wale ambao hata simu imewachoka.

Akanionyesha jina moja, mteja aliyehama mtaa usiku na deni la 47,000. Mangi alishasamehe kimoyomoyo. Miaka miwili baadaye, usiku wa saa nne, meseji ikaingia, 47,000, jina lile lile, hamna salamu wala maelezo. Akaingia ndani akalitafuta lile daftari la zamani kwenye boksi la sabuni mpaka akalipata, akapiga mstari. Namba hakuipiga, nikamuuliza kwa nini, akasema asije akadhani bado namdai.

Haya, yule wa shati jekundu, mkono wako naona umechoka, uliza.