Pikipiki Haichemshwi na Jua

Shikamooni wazee wangu. Wadogo zangu, mambo? Nimeombwa nizungumzie injini zinazochemsha kipindi hiki cha Februari, na naanza na ubishi: jua mnalionea bure.

Pigeni hesabu. Tuseme kichwa cha silinda kimefika nyuzi 150, jambo la kawaida kwa injini inayopozwa na upepo. Asubuhi ya Julai hewa ya Dar ina nyuzi 22 hivi, mchana wa leo 33. Chuma hutoa joto kwa kadiri kinavyoizidi hewa. Julai kinaizidi kwa 128, leo kwa 117. Upoaji umepungua, lakini hata sehemu moja ya kumi haijafika. Hiyo peke yake haiui injini.

Kinachoua ni hiki. Shikeni hii silinda, mpitishiane. Haya mapezi yapo ili upepo upite katikati yake. Ukikaa Tazara dakika 20 injini inanguruma, upepo uko wapi? Foleni ikiganda, zima. Halafu tazameni huku ndani: tope la masika limeganda kama saruji, kwa sababu lilichanganyika na oili iliyovuja. Mwenyewe alifunga turubai kwenye bampa asirukiwe maji miguuni. Mvua zikaisha, turubai likabaki.

Tuje kwenye oili. Wengi mnaijua kwa kulainisha tu, lakini pikipiki isiyo na rejeta inaitegemea pia kuhamisha joto kutoka kwenye pistoni. Hizi za siisii 125 na 150 nyingi hubeba kama lita moja, na oili hiyohiyo ndiyo ya gia na klachi. Ikipungua robo, iliyobaki inafanya kazi ya wote, inachoka haraka na kuwa nyepesi kama maji.

Yalinikuta mimi mwenyewe. Natoka Morogoro, nyuma mikungu minne ya ndizi, oili sijapima tangu wiki iliyopita. Nimeipita Chalinze, naona pikipiki inazubaa, kama kuna mtu kashika breki. Badala ya kuachia mafuta, mimi nikaongeza. Ikanoki. Fundi alipofungua, pistoni ilikuwa na michirizi ubavuni kama imepigwa msasa. Aluminiamu hutanuka kuliko chuma cha silinda. Ikizidi moto na oili hakuna, pistoni inabana. Ndizi zilifika Dar kwa fuso, mimi nimekaa juu yake.

Ukisikia uzito ule, shika klachi, achia mafuta, ingia pembeni, zima. Iache ipoe yenyewe. Wale wa kuimwagia maji ya chupa, acheni: chuma cha moto kikipozwa ghafla upande mmoja, kinapinda au kupasuka.

Na huyu fundi anayewabania kabureta ili pikipiki isile mafuta! Petroli ikipungua na hewa ikazidi, injini inawaka moto zaidi. Mnaokoa nusu lita, mnanunua pistoni. Plagi itawasema: ikiwa na rangi ya biskuti, mko salama; ikiwa nyeupe kama chokaa, mmebaniwa.

Kuna nyekundu pale imeegeshwa kivulini tangu asubuhi, imeshapoa. Mwenyewe ailete, na mtu anipe spana ya plagi.