Kompyuta Inayofunguka

Mhadhara kwa walimu, wazazi na wanafunzi wa sekondari, Moshi

Ndugu walimu, wazazi wangu mlioketi hapa mbele, na ninyi vijana mliosimama nyuma kwa kukosa viti, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Mimi ni fundi wa kompyuta, kazi yangu iko Arusha, na leo nimekuja na mashine mbili ambazo mnaziona mezani. Zote ni laptopu za ThinkPad, za kampuni ya Lenovo: hii ni T470, ile ni T480. Kwa mtu aliyekaa nyuma hazina tofauti yoyote, maana kava ni jeusi lile lile, kibodi ina kitufe chekundu kile kile katikati, na hata betri ya nyuma ya moja naweza kuichomoa nikaipachika kwa nyingine ikawaka bila shida. Ya kwanza ni toleo la mwaka 2017, ya pili la mwaka 2018.

Huo mwaka mmoja umekuwa kama ukuta. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo uliotoka Julai 2015 na ambao bado ndio ninaoukuta kwenye kompyuta nyingi za shule na ofisi ninazoletewa. Mrithi wake, Windows 11, aliyetoka Oktoba 2021, anaipokea hii T480 na kuikataa hii T470. Wengi husema tatizo ni ile chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, lakini T470 hii ninayo, nimeipima, na chipu hiyo imo ndani yake. Kinachoikosesha ni orodha ya vichakata, yaani ile chipu iliyo ubongo wa kompyuta: kwa vile vinavyotengenezwa na Intel, ukiacha vichache sana vilivyosamehewa, orodha inaanzia kizazi cha nane, na kichakata cha T470 hii ni cha kizazi cha saba. Microsoft wanaeleza kwamba vichakata vipya vinabeba kinga za usalama kwa wepesi zaidi, na sisemi kwamba maelezo hayo ni ya uongo. Ninachosema ni kwamba mashine hii inawaka, skrini yake ni safi, kibodi yake inaandika, na mwenye nayo ameambiwa aitafutie mrithi.

Wenye umri wangu watakumbuka usiku wa tarehe 16 Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilipozima simu bandia nchi nzima. Watu walilalamika, lakini sababu ilieleweka, kwa kuwa simu zile zilikuwa na namba za utambulisho za kughushi. Safari hii kinachosukumwa nje ni mali halali, iliyotengenezwa vizuri, na tena inayotengenezeka.

Hoja yangu leo ni moja. Kabla hamjauliza kompyuta ina kasi gani, ulizeni kama inafunguka, na ikifunguka, ni nini ndani yake kinachoweza kubadilishwa. Hilo ndilo litakaloamua kama fedha mliyoitoa imenunua miaka mitatu au miaka kumi.

Nianze na kosa langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifundisha. Mwaka 2019 shule moja iliniomba ushauri wa kununua kompyuta ishirini za maabara. Fedha ilikuwa ndogo, nami nikavutiwa na laptopu mpya, nyembamba, nyepesi, zenye bei ya chini, zikiwa na RAM, yaani kumbukumbu ambayo kompyuta huitumia inapofanya kazi, ya GB 4 na hifadhi ya mafaili ya GB 32. Nilizisifia mbele ya bodi ya shule. Nilichokosa kuwaeleza ni kwamba RAM ile ilikuwa imelehemiwa kwenye bodi kuu, na hifadhi nayo vilevile. Baada ya miaka miwili, Windows ilipotaka kujisasisha haikupata hata nafasi ya kushusha mafaili yake, kwa kuwa yenyewe na programu chache za ofisi zilikuwa zimekwisha kuijaza hifadhi yote. Mwalimu wa somo alikuwa akinipigia simu kila wiki: "Fundi, ongeza basi nafasi kidogo." Hapakuwa na mahali pa kuongeza. Nilizifungua moja baada ya nyingine, nikaona bodi ndogo kama kiganja, kila kitu kimegandishwa, na betri imebanwa kwa gundi. Mashine zile zilirudi stoo zikiwa bado zinang'aa kama mpya, na wanafunzi wakarudi kuchora kibodi kwenye daftari.

Sasa nawaomba mlinganishe na hii T480. Kwanza unaingia kwenye mipangilio ya ndani, ile inayofunguliwa kwa F1 mashine inapowaka, unaiamuru izime betri ya ndani ili umeme usije ukaunguza kitu wakati mkono wako uko kwenye bodi. Kisha unaigeuza, unasukuma vifungo viwili, betri ya nje inatoka. Unalegeza skrubu za kava la chini, nazo hazidondoki wala kupotea, kwa kuwa zimeshikiliwa na kava lenyewe. Aliyebuni hilo alimfikiria fundi. Kava likitoka, unaona sloti mbili za RAM, yaani nafasi za kuipachika, na mara nyingi moja iko tupu. Unashika RAM kwa kingo zake, unalinganisha pengo lake na jino lililo kwenye sloti, unaiingiza kwa mshazari, halafu unaikandamiza taratibu mpaka vishikio viwili vya pembeni viibane na usikie mlio mdogo. Ukiwa umekosea upande, haiingii. Kazi nzima haimalizi dakika kumi, na mashine iliyokuwa na GB 8 inaamka ikiwa na GB 16. Hapo hapo unaisafisha feni. Mashine za Arusha na za huku kwenu zinakula vumbi sana, hasa wakati wa kiangazi, na feni iliyoziba hufanya kichakata kizuri kijipunguzie kasi ili kisiungue. Mteja anadhani kompyuta imezeeka, kumbe inakosa hewa.

Jambo hili la sloti lilikuwa muhimu siku zote, lakini tangu nusu ya pili ya mwaka 2025 limekuwa suala la fedha nyingi. Bei ya RAM imepanda dunia nzima, na chanzo chake hakiko kwa mwenye duka mnayemlaumu. Sehemu kubwa ya RAM ya dunia inatengenezwa na kampuni tatu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Kampuni hizi zimepata wateja wenye mifuko mirefu kuliko yetu, yaani vituo vya data vya akili unde (AI). Vituo hivyo vinataka kumbukumbu ya aina ya HBM, ambayo vipande vyembamba vya chipu hupangwa kimoja juu ya kingine kama chapati kwenye hotpoti, vikawekwa jirani kabisa na kichakata. Faida yake kwa mtengenezaji ni kubwa, na kwa kila gigabaiti inakula silikoni nyingi kuliko RAM ya kawaida, kwa hiyo kiwanda kinapogeukia huko, RAM za laptopu na simu zinapungua sokoni. Kiwanda kipya hakijengwi kwa mwezi mmoja, huchukua miaka.

Tarehe 3 Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba inaachana na biashara ya Crucial, chapa ambayo kwa miaka 29 iliwauzia RAM watu wa kawaida wanaojifungulia kompyuta zao wenyewe. Niliposoma habari hiyo nilihuzunika, kwa sababu RAM za Crucial nimezipachika kwa mikono yangu kwenye mashine nyingi nisizoweza kuzihesabu. Siku mbili kabla ya hapo, Raspberry Pi, kompyuta ndogo ambayo baadhi ya shule huifundishia programu, ilipandisha bei ya toleo lake la tano lenye GB 16 kutoka dola 120 hadi dola 145, na sababu iliyotajwa ni hiyo hiyo ya kumbukumbu.

Maana yake kwenu ni hii. Bei ya RAM ikipanda, mtengenezaji wa laptopu za bei nafuu ana njia mbili: apandishe bei, au apunguze RAM. Akiipunguza na bado akailehemu, amewauzia mashine ambayo umri wake umekwisha kuandikwa siku ya kwanza. Lakini mashine yenye sloti tupu mnaweza kuinunua leo na GB 8, mkaitumia, na siku bei itakaposhuka, au siku mtakapopata RAM iliyotolewa kwenye mashine iliyovunjika kioo, mkaiongezea. RAM ya DDR4, aina iliyomo kwenye mashine kama hizi, ikitoka kwenye mashine iliyokufa sasa ni spea yenye thamani, na nawaomba walimu wenye stoo zenye kompyuta mbovu wasiziuze kwa kilo kabla fundi hajazipitia.

Najua kijana aliyesoma ataniambia kwamba RAM ya kulehemiwa ina sababu za kitaalamu. Ni kweli. Aina ya LPDDR hula umeme kidogo, na ikikaa karibu na kichakata mawasiliano yake huwa ya haraka zaidi. Hata kampuni ya Framework, ambayo tangu mwaka 2021 imejijengea jina kwa laptopu zinazofunguliwa na mwenyewe, ilipotangaza kompyuta yake ya mezani mwaka 2025 ililazimika kuilehemu RAM, kwa kuwa kichakata cha AMD kilichochaguliwa kilihitaji hivyo. Nakubali kwamba kwa kazi fulani ndivyo ilivyo. Lakini mwaka 2024 Lenovo ilitoa ThinkPad P1 ya kizazi cha saba ikiwa na LPCAMM2, yaani LPDDR ile ile, imefungwa kwa skrubu, inatoka. Kwa hiyo anayeniambia kwamba kwa laptopu ya kuandikia barua na kufundishia hesabu haiwezekani, simwamini.

Kuhusu simu nitasema kwa kifupi. Google, kuanzia Pixel 8 ya mwaka 2023, na Samsung, kuanzia Galaxy S24 ya mwaka 2024, zimeahidi masasisho ya miaka saba, na hilo ni jema, ila betri haidumu miaka saba. Umoja wa Ulaya umeweka sheria inayoanza kutumika tarehe 18 Februari 2027, kwamba betri za vifaa vya kubebeka, laptopu zikiwemo, ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe, ingawa ina misamaha yake. Sheria ya Ulaya si ya kwetu, lakini laptopu wanazozitoa huko baada ya miaka mitatu au minne ndizo nyingine zinazofika madukani kwetu kama mtumba, kwa hiyo inatuhusu.

Sasa, T470 hii na ndugu zake tuzifanyeje? Kwa mtu binafsi, Microsoft imeongeza mwaka mmoja wa masasisho ya usalama, hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30 au kwa kuiunganisha mipangilio ya mashine na akaunti ya Microsoft. Shule zina mpango wa peke yake: dola 1 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, dola 2 wa pili na dola 4 wa tatu. Walimu, tafadhali liandikeni hilo, kwa sababu kuna shule zitakazoshawishiwa kununua kompyuta mpya wakati dola chache zingewapa miaka mitatu ya kujipanga.

Njia ya pili, nayo ndiyo niliyoichukua kwa mashine hii, ni Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Imewekwa aina yake iitwayo Ubuntu, isiyolipiwa, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa neno letu utu. Mwaka huo huo mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Kwa hiyo anayesema Linux ni mambo ya Wazungu hajui historia yetu. Kuna programu za uhasibu na za kazi maalumu zinazotaka Windows tu, na ofisi yenye programu hizo nitaiambia ibaki na Windows. Lakini kwa mwanafunzi anayeandika, anayesoma, anayejifunza kuandika programu na kufungua barua pepe, mashine hii ya 2017 inatosha, na itatosha kwa miaka mingine.

Nikiingia soko la mitumba la Memorial hapa Moshi, namwona mama anayenunua koti: analigeuza ndani nje, anavuta mishono, anapandisha na kushusha zipu, anapitisha mkono mifukoni. Mama huyo huyo akimnunulia mwanawe laptopu, anaangalia kava na kuuliza bei. Nataka alifanye kwa laptopu lile alilolifanya kwa koti. Amwambie muuzaji: "Nifungulie." Aone sloti ziko ngapi, aone SSD, yaani hifadhi ya mafaili, imefungwa kwa skrubu au imelehemiwa, aone betri imevimba au iko bapa, na aulize kichakata ni cha kizazi cha ngapi. Muuzaji anayejiamini atachukua bisibisi bila kukunja uso. Anayekataa kabisa mashine yake isifunguliwe, mama, muage kwa heshima uende duka la pili.

Bisibisi yangu iko hapa, na RAM moja ya GB 8 ninayo mfukoni. Waliokuja na laptopu zao wasogee mezani mmoja mmoja, tuanze na za shule.