Jina la Binti Lisitoke Kwenye Rejista

Mhadhara kwa walimu, watendaji wa vijiji na vijana, Iringa

Kamwene! Wazee wangu, shikamooni. Walimu na vijana, habari za mchana.

Mada yetu ni haki ya binti kusoma. Nitaanzia mahakamani, kisha nishuke mpaka kwenye daftari la mahudhurio.

Mwaka 2016 mwanasheria kijana, Rebeca Gyumi, alifungua shauri Mahakama Kuu ya Tanzania. Angeweza kulalamikia mila, umaskini na wazazi kwa pamoja. Yeye alishika vifungu viwili tu vya Sheria ya Ndoa ya 1971: cha 13, kinachoruhusu msichana aolewe na miaka 15 wakati mvulana anasubiri 18, na cha 17, kinachoweka ridhaa ya ndoa ya binti huyo mikononi mwa baba, au mama kama baba hayupo duniani. Hoja ilikuwa kwamba vinavunja usawa uliomo kwenye Katiba. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ilikubaliana naye na kuipa Serikali mwaka mmoja irekebishe, umri uwe 18 kwa wote. Mwanasheria Mkuu akakata rufaa; tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupilia mbali. Mwaka uliotolewa ukapita na vifungu vikabaki kitabuni.

Vijana mnaotaka kuanzisha kampeni, jifunzeni hapo. Ombi lenye namba ya kifungu linajibiwa. Ombi la "jamii ibadilike" linapigiwa makofi, watu wanakwenda kula.

Sasa tazameni kwa nini umri ule wa miaka 15 ni hatari kuliko unavyoonekana. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 130, inasema kumwingilia msichana wa chini ya miaka 18 ni ubakaji, akubali asikubali. Lakini humo humo kuna mlango: isipokuwa awe mke wa mtu huyo, ana miaka 15 au zaidi, na hawajatengana. Maana yake mahari ikishapokelewa na ndoa ikafungwa, kitendo ambacho jana kilikuwa jinai leo kinaitwa unyumba. Hilo linaniuma, na halipaswi kumwacha yeyote hapa ametulia.

Upande wa shule tuna ulinzi mzuri zaidi. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yanamfunga miaka 30 anayeoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari. Neno la kushika ni "mwanafunzi". Kesi ikifika mahakamani, mwalimu anaitwa na rejista yake, na wakili wa mshtakiwa anauliza: siku ile binti alikuwa anasoma shule gani? Jina likiwa limekatwa, upande wa mashtaka unabaki na kazi ngumu.

Na sisi huku Nyanda za Juu Kusini tuna pengo lenye tarehe zake. Mtihani wa darasa la saba unafanyika Septemba. Kidato cha kwanza kinaanza Januari. Kwa takribani miezi minne binti ametoka shule moja, hajaingia nyingine. Hapo ndipo anapotokea "shangazi" wa Dar anayetafuta dada wa kazi, mkononi ana nauli ya basi na ahadi ya cherehani. Mzazi naye Januari amebanwa: ghala limepungua, mahindi bado mabichi shambani, pesa imeishia kwenye mbolea. Ada ilifutwa mpaka kidato cha sita, lakini sare, madaftari, godoro na debe la mahindi la chakula cha shule havikufutwa. Anayesema wazazi wa huku hawapendi elimu hajakaa nao mwezi huo.

Kwa hiyo orodha iandikwe wiki ile ile ya mtihani, kabla binti hajatawanyika. Jina, kitongoji, mlezi, namba ya simu, shule aliyotoka, na umri pamoja na ushahidi wake. Umri ndipo kesi nyingi zinapoangukia. Cheti cha kuzaliwa kikikosekana, tafuteni kadi ya kliniki au rejista ya kuandikishwa darasa la kwanza, mnakili tarehe. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine kwa mtendaji wa kijiji. Kisha mwenyekiti wa kitongoji amwone binti kwa macho kila mwezi. Jibu la "yuko kwa bibi yake Makambako" halitoshi mpaka bibi apigiwe na binti mwenyewe azungumze.

Akishaingia sekondari, daftari la mahudhurio lisomwe, lisijazwe tu. Anayekosa kila siku ya gulio anauza nyanya za nyumbani. Anayekosa siku tatu au nne kila mwezi, karibu tarehe zile zile, yumkini yuko hedhini na choo cha shule hakina maji wala mlango. Huyo hahitaji viboko. Anahitaji pedi, ndoo ya maji na komeo. Anayekosa Jumatatu mara nyingi anaishi geto, yaani chumba cha kupanga karibu na shule: amekwenda nyumbani kuchukua unga na haukupatikana. Huyu mfuatilieni haraka kuliko wote, kwa sababu unga ukiisha Jumatano, mtu mzima mwenye bodaboda na chipsi anajua mlango ulipo.

Kosa letu kubwa ni kusubiri siku 90 za utoro. Zikitimia, shule inaandika kwamba ameacha, na ile ngao ya "mwanafunzi" inalegea. Siku ya tatu mwalimu wa darasa apige simu. Wiki ikiisha, mtendaji afike nyumbani na karatasi yenye tarehe na sahihi.

Kama kuna ukatili, hospitali ndani ya saa 72, nguo zisifuliwe na ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, na taarifa ifike dawati la jinsia polisi. Simu 116, ya msaada kwa watoto, ni bure. Familia zikianza kuyamaliza chini kwa chini, shahidi wa kwanza kupotea ni binti mwenyewe, anahamishwa wilaya.

Aliyepata mimba bado ana nafasi. Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 unamruhusu kurudi baada ya kujifungua. Mwalimu mkuu aandike tarehe aliyoondoka na kidato alichofikia, na mama yake apewe nakala, maana uongozi wa shule hubadilika na anayerudi hukuta hakuna anayemjua.

Karatasi zenye safu sita ziko mezani, moja kwa kila kijiji. Watendaji, chukueni yenu kabla ya chai, mkae na mwalimu wenu sasa hivi, muanze na mabinti wa darasa la saba wa mwaka huu.