Kutandika Mfuko Ndani ya Sufuria ya Umeme ya Kupika Polepole

Karibuni tena, watazamaji. Leo kazi yetu ni kile chungu cha kauri kinachokaa ndani ya sufuria ya umeme ya kupika polepole. Chakula kikishinda humo saa nane, kingo zinashika ukoko mweusi ambao hata ukiuloweka usiku kucha bado unang'ang'ania. Ipo mifuko maalumu ya plastiki kwa ajili hiyo: unautandika kabla ya kupika, ukimaliza unautupa. Kuutandika ni kazi ya dakika moja tu. Balaa huja mwishoni, wakati wa kuutoa, na hapo tutakaa kidogo.

Kabla ya yote, soma boksi. Hakikisha imeandikwa wazi kwamba mifuko ni ya sufuria za kupika polepole, kisha angalia inafaa sufuria ya lita ngapi. Hutengenezwa kwa nailoni inayostahimili joto, na mingi huandikwa kikomo cha nyuzi 204 za Selsiasi. Mchuzi wako hautazidi nyuzi 100 hivi, kwa hiyo hapo hakuna wasiwasi. Lakini tafadhali, usichukue mfuko wa kubebea vitu au wa kugandishia chakula kwenye friza ukidhani plastiki ni plastiki. Hiyo kwa kawaida ni polithini. Mchuzi ukikaribia kuchemka inaanza kulegea, na mahali palipogusana na chungu chenye moto mkali inaweza kuyeyuka kabisa.

Haya, chungu changu kiko hapa, kikavu na cha baridi. Naufungua mfuko, naingiza mkono mpaka chini, na kwa ncha za vidole nausukuma uguse sakafu ya chungu na kuzunguka kona zote. Nasogeza kamera muone. Hapa kushoto mfuko bado unaning'inia, haujagusa chini. Nikiuacha hivyo, chakula kikiingia kitauvuta kwa uzito wake, ukingo wa juu utachomoka na kuzama ndani ya mchuzi. Nausukuma tena... sasa umekaa.

Ukingo unaobaki juu naukunjia nje ya mdomo wa chungu, sentimita tano hivi kila upande. Chungu chako kikiwa cha umbo la yai, anza na zile ncha mbili za mbali, katikati patajinyoosha penyewe. Mkunjo uwe bapa. Plastiki ikijikusanya ikawa nene, kifuniko hakikai vizuri, na mvuke unaopaswa kubaki ndani unatoka.

Sasa ndipo chungu kinarudi kwenye kiota chake cha chuma. Ukikishusha, angalia plastiki isije ikateremka na kubanwa kati ya chungu na ule ukuta wa chuma, kwa sababu koili za moto ziko humo. Na kamwe usiutandike mfuko kwenye chuma chenyewe bila chungu, eti kwa sababu chungu kimevunjika.

Kuweka chakula hakuna siri. Jaza kati ya nusu na theluthi mbili ya chungu. Tanguliza vitu laini, mifupa yenye ncha ikae juu yake, isiguse plastiki. Funika, washa, achana nayo. Kila ukifunua kuchungulia, joto linakimbia na unajiongezea dakika 15 hadi 30 za kusubiri. Ukilazimika kukoroga, tumia mwiko wa mbao. Kisu, uma na blenda ya mkono havina kazi humu. Kama nyama unataka kuichambua nyuzinyuzi, itoe ukaichambulie kwenye bakuli.

Chakula kimeiva, tumezima. Nafunua kifuniko nikikielekeza upande wa pili, mvuke usinipige usoni. Hapa sasa ndipo mtu anashawishika kukusanya kingo za mfuko na kuunyanyua wote na chakula chake aumimine kwenye bakuli. Usifanye hivyo! Lita nne za mchuzi ni kama kilo nne za kitu cha moto, ndani ya plastiki nyembamba iliyoshinda ikipikwa. Ukiteleza, au ukipasuka, vinavyoungua ni miguu yako. Chukua upawa, pakua mpaka chakula kiishe. Cha kubaki usikihifadhi kwenye mfuko. Kihamishie kwenye vyombo vya kina kifupi kipoe haraka, na ndani ya saa mbili kiwe kwenye friji.

Mfuko wenyewe uache upoe, kisha kusanya kingo kuelekea katikati ili masalio yabaki ndani, nyanyua, tupa kwenye taka. Kuuosha ili uutumie tena ni kujidanganya: haukutengenezwa kwa safari ya pili.

Najua kuna wa kuuliza, je, plastiki haiingii kwenye chakula? Mwaka 2022 watafiti wa NIST, taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, walipima mifuko ya nailoni ya aina hii na kukuta kila lita ya maji ya moto imebeba matrilioni ya chembe ndogo mno za plastiki. Kiasi hicho kilikuwa chini ya viwango vya usalama vinavyokubalika huko. Kwa upande wangu, natandika mfuko kwa vitu vinavyoganda kweli, kama jibini, sukari au rojo zito la nyanya. Supu haihitaji mfuko. Napaka mafuta kidogo kwenye kuta za chungu, basi.

Ukishatoa mfuko, pitisha kidole ndani ya chungu. Unyevu mwepesi ni mvuke tu, ufute. Ukikuta mchuzi, palikuwa na tundu, na chungu kinahitaji kuoshwa kama kawaida, ila kisubiri kipoe kwanza. Kauri yenye moto ikimwagiwa maji baridi hupasuka.