Beringi Iliyogoma: Kuitoa Bila Kuua Habu

Mwangaluka, mafundi na wenye mashine. Leo tuna jambo moja tu: beringi za magurudumu na ekseli za pikipiki ya magurudumu manne, zile zilizokaa ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) mpaka utadhani zilizaliwa humo. Wenye toyo na bajaji msiondoke. Vipimo vinatofautiana, kazi ni ile ile.

Kwanza, kwa nini zinagoma? Maji ya ziwa letu, Victoria, hayana chumvi, ndiyo maana wengi hudhani hayana madhara kwa chuma. Sasa angalia: mashine imekimbia kutoka Mwanza mjini mpaka Kayenze kando ya ziwa, habu zimepata moto, dereva anaiingiza majini moja kwa moja aioshe. Habu ikipoa ghafla, hewa iliyomo ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia mdomo wa oili sili (ile pete ya mpira inayozuia grisi isitoke), mchanga laini ukifuata. Maji yanatulia pale pete ya nje ya beringi inapogusana na habu. Kutu inayoota hapo inataka nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na nafasi hiyo haipo, basi inakaba. Kwenye habu ya alumini utaona na unga mweupe. Nao unakaba vile vile.

Beringi basi inashikiliwa na loki (pete ya chuma inayokaa kwenye mfereji kuizuia isitoke), au kutu, au imekaa upande. Nyundo haiondoi loki, kutu inaitikisa tu, na beringi iliyokaa upande ndiyo kwanza inazidi kupinda.

Tafuta loki kabla ya kitu chochote. Ile pete ya chuma hujificha chini ya tope na grisi iliyoganda. Ng'oa oili sili, safisha kwa brashi ya waya na dizeli mpaka uone chuma kinang'aa, pande zote mbili za habu. Ukipiga beringi ambayo loki yake bado ipo, unaumega mfereji wa loki, na habu hiyo hairudi tena.

Hapo hapo soma namba iliyo ubavuni mwa beringi kabla hujaiharibu. 6205 ni milimita 25 tundu la ndani, 52 kipenyo cha nje, 15 unene. 6204 ni 20, 47 na 14. Kuanzia 04 kwenda juu, zidisha tarakimu mbili za mwisho kwa 5 upate tundu. Lakini 02 ni milimita 15 na 03 ni 17. Zikifuatwa na 2RS maana yake ina kifuniko cha mpira pande zote mbili, na kwa matope yetu hiyo ndiyo ya kununua. ZZ ni vifuniko vya bati, vinazuia vumbi tu.

Sasa chukua sumaku, iguse habu. Isiponasa, hiyo ni alumini, na una bahati. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Tumbukiza habu yote kwenye sufuria la maji yanayochemka (sufuria ambalo halitarudi jikoni, tuelewane), iache dakika 15. Ziwa liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hapa Mwanza maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Zinatosha. Kwa beringi ya milimita 52, tundu la habu litatanuka kama milimita 0.04 zaidi ya pete. Ni kidogo kuliko unywele, lakini beringi yenyewe iliingizwa kwa kubana kwa kiasi kama hicho. Moto wa gesi wa moja kwa moja kwenye alumini siupendi: alumini haiwi nyekundu kukuonya, unaiona nzima kisha inabonyea.

Sumaku ikinasa, maji ya moto hayatasaidia, kwa sababu habu na beringi ni chuma kwa chuma, vinatanuka pamoja. Hapo pasha habu peke yake kutoka nje, haraka, ukizungusha moto, upige kabla joto halijaifikia beringi. Kama uliloweka kutu usiku kucha kwa mchanganyiko wa asetoni na oili ya gia otomatiki, nusu kwa nusu, futa na uache pakauke kabisa kabla ya moto. Asetoni inashika moto haraka kama petroli.

Kupiga. Weka habu juu ya vipande viwili vya mbao, beringi unayoitoa iwe chini na pa kudondokea. Katikati ya beringi mbili kuna spesa, kile kibomba kinachozitenganisha. Isukume upande kwa ncha ya chuma mpaka ukingo wa pete ya ndani ya beringi ya chini uonekane, hata milimita 2. Chukua nondo ya milimita 12 iliyosagwa ncha iwe bapa na kona kali, ikae kwenye ukingo huo. Piga saa 12, kisha saa 6, saa 3, saa 9, pigo moja moja. Beringi ikishuka upande mmoja tu imekwama. Rudisha upande ulioshuka kwa kugonga kutoka chini, uanze upya. Na sikiliza. Mlio ukibadilika kutoka mzito kwenda mkavu, pete imefika mahali imeegemea, acha, angalia. Spesa isiposogea, tafuta ile bolti ya kutanuka ya kufungia geti kwenye zege. Iingize kwenye tundu la beringi, kaza itanuke na kunasa, kisha igonge kutoka upande wa pili.

Beringi iliyotolewa hivi imekufa, kwa sababu nguvu yote imepita kwenye gololi. Usiirudishe hata kama inazunguka vizuri.

Mara nyingine gololi zinamwagika na pete ya nje inabaki ndani, laini, haina pa kushika. Wengi hapa huanza kutindua. Msifanye hivyo. Safisha grisi yote, weka klampu ya athi ya mashine ya kuchomelea kwenye habu yenyewe, chomelea mstari mmoja kuzunguka uso wa ndani wa pete kwa fimbo ya milimita 2.5. Kisha kaa. Mstari ule ukipoa unasinyaa na kuivuta pete kwa ndani. Baada ya dakika chache geuza habu. Mara nyingi pete inadondoka yenyewe.

Pete ya ndani iliyoganda kwenye ekseli ni kinyume chake. Ikate kwa grenda, diski ya milimita 1, kwa mshazari, ubakize utando mwembamba kama kucha. Weka tindo kwenye mfereji, piga pigo moja. Chuma cha beringi ni kigumu sana, hakipindi, kinapasuka, na vipande vinaruka. Miwani ni lazima. Angalia diski isiguse mahali oili sili inapokaa, maana mkwaruzo hapo utavujisha daima.

Ekseli ya nyuma iliyogoma ndani ya kibebeo chake (nyumba ya beringi zake) huharibika zaidi kwa nyundo ndogo kuliko kwa kubwa. Nyundo ya nusu kilo inatanua ncha ya ekseli, nyuzi zinaharibika, na ekseli haijasogea. Rudisha nati ya habu ilingane na ncha, weka kipande cha mbao ngumu, tumia nyundo ya kilo 3. Zile nati mbili kubwa zinazokabana, angalia nyuzi zake kabla ya kuvuta, maana baadhi ya mashine hufunguka kinyume. Zikiwa na gundi nyekundu ya kufungia nati, zipashe zifike nyuzi joto 250 hivi ndipo gundi ilegee.

Kuingiza mpya ni kwepesi: beringi ilale kwenye friza ya soda, habu itoke kwenye maji ya moto na kufutwa, na usukume pete ya nje peke yake. Pete kuukuu ya nje, iliyosagwa kidogo pembeni isikwame, ndiyo kisukumio kizuri. Ya kwanza iingie mpaka mwisho, kisha spesa, kisha ya pili mpaka iiguse spesa tu. Ukiipitiliza, au ukisahau spesa, nati ikikazwa pete za ndani zinavutwa kwa ubavu na beringi mpya inaunguruma baada ya siku chache. Zungusha kwa kidole kabla ya kufunga gurudumu; ikizunguka kwa kukwaruza, itoe sasa hivi ingali na joto.