Kabla Sindano Haijaingia Shavuni

Mhadhara kwa kina mama wa chama, ukumbi wa South B, Nairobi

Mama mwenyekiti, mama zangu, dada zangu, na vijana wawili ninaowaona kule nyuma karibu na mlango, hamjambo? Mliponialika mliniuliza swali moja: sindano ya kujaza mashavu ni salama au si salama? Nimekaa na swali hilo wiki nzima. Mimi ni daktari wa ngozi, na nawaambia kwa moyo mweupe kwamba swali lilivyoulizwa halijibiki. Jeli inayodungwa ni ileile, iwe kliniki ya Westlands kwa wenye pesa au chumba cha River Road katikati ya mji. Usalama uko kwenye mkono unaolisukuma bomba, na zaidi ya hapo uko kwenye yale ambayo mwenye mkono huo ataweza kuyafanya katika saa moja inayofuata, mambo yakienda mrama. Saa hiyo moja ndiyo iliyonileta hapa.

Kwanza jina. Saluni mnaiita fila. Kwetu neno hilo lina mwenyewe tayari; mliosoma zamani mnakumbuka kwamba lila na fila havitangamani, na fila hapo ni ubaya. Sitaki kuihukumu dawa kwa jina lake, basi leo nitasema jeli.

Jeli inayotumika zaidi hutengenezwa kwa asidi ya hayaluroniki. Jina linatisha, lakini kitu chenyewe mmezaliwa nacho. Ni sukari ya nyuzi ndefu inayoshika maji, iko kwenye ngozi, kwenye magoti, hata ndani ya jicho. Karl Meyer na John Palmer waliitambua mwaka 1934 kule New York, wakiitoa kwenye jicho la ng'ombe. Mtu wa kilo 70 anayo gramu 15 hivi, na karibu theluthi yake huvunjwa na kutengenezwa upya kila siku. Ndiyo maana ile ya asili ukidungwa haikai. Viwandani nyuzi hufungamanishwa kwa kemikali ili mwili uchelewe kuzivunja, na hapo unapata jeli ya kukaa miezi sita, mwaka, na zile nzito za mashavu hata miaka miwili.

Hiyo ndiyo miezi utakayotajiwa ukiulizia bei. Ila picha za MRI zimeonyesha mabaki ya jeli usoni miaka kadhaa baada ya mwenyewe kudhani imekwisha. Anayerudi kila miezi minane kuongeza kidogo, mara nyingi anaongeza juu ya kilichopo. Ndivyo mtu anavyofika mahali akicheka macho yanamezwa na mashavu.

Sasa niseme jambo ambalo huenda hamkulitarajia kwenye mazungumzo ya urembo. Kuna watu katika jiji hili ambao sindano hii kwao haikuwa urembo kabisa. Wengi wenu mnaikumbuka miaka ya 2000, dawa za kupunguza makali ya Ukimwi zilipoanza kuwafikia watu wa kawaida. Moja ya dawa hizo ilikuwa stavudini. Iliokoa maisha, nami siwezi kuisema vibaya kwa hilo, lakini iliyeyusha mafuta ya usoni. Mashavu yalibonyea, mifupa ikatokeza. Mtu alikuwa na nguvu, anafanya kazi, anasomesha watoto, lakini akipanda matatu watu wanamtazama mashavu na kujua, au kudhani wanajua. Nimewahi kukaa na mama aliyeacha kwenda kanisani kwa sababu hiyo. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha dawa ya kudunga ya asidi ya polilaktiki mahususi kwa mashavu ya watu hao. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likazishauri nchi ziiondoe stavudini kidogo kidogo. Mafuta yaliyopotea hurudi polepole, na kwa wengi hayarudi yote. Kwa hiyo ukimwona mtu ametoka kujazwa mashavu, usiwe mwepesi wa kumwita mpenda anasa. Hujui anafunika nini.

Na hilo linanipeleka kwenye ushauri wa kwanza. Ikiwa mashavu yako yamebonyea ndani ya miezi michache, usianze na sindano. Anza na daktari wa kawaida akupime kisukari, tezi ya shingoni, kifua kikuu. Akuangalie na meno, kwa sababu meno ya nyuma yakishang'olewa shavu hukosa mhimili. Jeli juu ya ugonjwa ambao haujatambuliwa inaficha dalili tu, na ugonjwa unaendelea na safari yake.

Haya, tuingie kwenye saa ile.

Bomba moja la jeli huwa na mililita moja. Kijiko cha chai ni mililita tano. Ukifika nyumbani chukua kijiko cha sukari ukitazame: moja ya tano ya hicho ndiyo inayobadilisha shavu. Na tone tu linatosha kuziba mshipa. Shavu lina mishipa mingi ya damu. Mmoja hutokea kwenye tundu la mfupa chini ya jicho, mwingine hupanda kutoka kwenye taya kupita pembeni mwa pua, na yote ina njia za kuungana na mishipa ya jicho. Sindano ikiingia ndani ya mshipa na mdungaji akasukuma, jeli huziba, na ngozi iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo huanza kufa. Akisukuma kwa nguvu, jeli inaweza kurudi nyuma dhidi ya mkondo wa damu hadi kwenye ateri ya jicho, kisha damu ikaisukuma mbele hadi kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mtu anapofuka akiwa kwenye kiti. Hutokea kwa nadra, na wengi waliopatwa walikuwa wamedungwa puani au katikati ya nyusi, lakini shavu nalo limo. Retina ikikosa damu saa moja hadi saa moja na nusu, matumaini ya kuona tena yanakuwa madogo sana.

Miaka michache iliyopita nililetewa msichana mchana wa Jumatatu. Alidungwa Jumamosi, katika chumba nyuma ya duka la vipodozi, sitataja wapi. Alisikia maumivu makali palepale akaambiwa ni kawaida, anywe dawa ya maumivu alale. Jumapili alipiga simu mara nne. Simu ya tano haikupokelewa. Nilipomwona, ngozi kutoka chini ya jicho hadi pembeni mwa pua ilikuwa na madoa ya zambarau kama ramani, na katikati imeanza kuwa nyeusi. Nilimdunga dawa ya kuyeyusha nikijua nimechelewa. Leo ana kovu la ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Ninapomkumbuka, mawazo yangu yote huwa pale Jumamosi jioni, alipokuwa bado anaweza kuponyeshwa na mtu mmoja tu mwenye dawa sahihi kwenye droo.

Dawa hiyo inaitwa hayaluronidesi, kimeng'enya kinachoivunja asidi ya hayaluroniki. Mshipa ukiziba hudungwa kwa wingi hapohapo, na hurudiwa karibu kila saa mpaka damu irudi. Kabla hujaketi kwenye kiti, uliza: mnayo? Nionyesheni. Ukiambiwa itaagizwa ikihitajika, ondoka. Huna haja ya kugombana na mtu, chukua mkoba wako uende. Na kama umewahi kuvimba vibaya kwa kuumwa na nyuki, mwambie daktari, kwa sababu sumu ya nyuki ina kimeng'enya cha jamii hiyohiyo na unaweza kuwa na mzio nacho.

Jambo hili linalofuata naomba mlibebe hata mkiyasahau mengine. Maelezo mengi ya hatari yaliandikwa kwa ngozi nyeupe. Yanasema ngozi itageuka nyeupe kama karatasi. Ngozi yetu haifanyi hivyo waziwazi. Weupe kwetu unaweza kuonekana kama kijivu, kama majivu, au usionekane kabisa. Madoa ya zambarau hujificha ndani ya weusi. Kwa hiyo usitegemee macho peke yake. Bonyeza ngozi kwa kidole, achilia, uhesabu. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili hivi. Linganisha na shavu la pili. Inua mdomo wa juu utazame ufizi na ndani ya mdomo, huko wekundu unaonekana kwa sote. Gusa, je, upande mmoja ni wa baridi? Na maumivu yanayozidi badala ya kupungua ni dalili hata kama kioo hakionyeshi kitu, ingawa ukimya wa maumivu nao si hakikisho, kwa kuwa jeli nyingi huja na dawa ya ganzi ndani yake. Mdungaji ambaye hajui kusoma ngozi nyeusi ana upofu wake mwenyewe, hata awe na vyeti vya Ulaya.

Ngozi yetu ina mengine pia. Alama ya sindano inaweza kuacha doa jeusi la miezi. Wenye asili ya makovu yanayovimba, hasa waliyoyapata kwa kutoboa masikio, waseme mapema. Lakini pia ina neema yake: haikunjamani haraka. Wengi wetu umri unaonekana kwanza kwa shavu kushuka, wala si kwa mikunjo, na ndiyo sababu watu huletwa kwenye jeli ya mashavu kabla ya kingine chochote.

Si kila jeli inayeyushwa. Zipo za kalsiamu, ipo ile ya asidi ya polilaktiki niliyoitaja, na ipo ya chembe za plastiki isiyotoka maisha yote. Hayaluronidesi haizigusi. Kwa mtu wa mara ya kwanza mimi siwezi kushauri kitu kisichoweza kurudishwa nyuma. Na silikoni ya majimaji usiruhusu kamwe, FDA haijaiidhinisha kwa kujaza sura kwa kudungwa, na hutembea mwilini ikaacha vinundu miaka mingi baadaye. Omba boksi lifunguliwe mbele yako. Jeli huja ndani ya bomba lililofungwa kiwandani, lenye nambari ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi; kibandiko kimoja kibaki nawe. Ikichotwa kutoka kwenye chupa, au ukiambiwa kuna iliyobaki ya mteja wa asubuhi, ni hapana. Bomba moja ni la mtu mmoja.

Kuhusu mdungaji, Baraza la Madaktari, KMPDC, lina orodha mtandaoni. Andika jina lake, uangalie kama leseni ni ya mwaka huu, kwa sababu hufanywa upya kila mwaka. Angalia na kliniki yenyewe. Picha maridadi za wateja si leseni.

Mama aliyevaa kitenge cha samawati ameuliza kuhusu harusi ya bintiye. Uvimbe mkubwa ni wa siku mbili tatu za kwanza, na shavu hutulia kwa wiki mbili hivi. Acheni mwezi mzima kabla ya harusi au ruracio, ile sherehe ya mahari ya Wakikuyu, ili kama kuna la kurekebisha lirekebishwe. Aspirini kama uliandikiwa na daktari wa moyo usiache bila yeye kujua, lakini ibuprofeni na pombe ziepuke kwa wiki moja kabla. Meno yatibiwe kwanza, kisha subirini wiki mbili. Mjamzito na anayenyonyesha wangoje.

Dada wa Eastleigh ameniuliza jeli inatoka kwa mnyama gani. Swali zuri. Zamani ilitolewa kwenye undu wa jogoo. Siku hizi jeli nyingi hutengenezwa kwa bakteria viwandani. Ile dawa ya kuyeyusha, hata hivyo, nyingine hutoka kwa kondoo au ng'ombe, kwa hiyo uliza chapa ipi.

Na kijana kule nyuma amesema dada yake ana miaka 19 na ameshaweka akiba. Mwambie FDA imeidhinisha jeli hizi kwa watu wa miaka 22 kwenda juu. Uingereza mwaka 2021 ilipitisha sheria ya kuzikataza England kwa walio chini ya miaka 18. Lakini usimpelekee sheria peke yake. Mlete kwangu na akiba yake ikiwa bado mfukoni, nimtazame shavu, nisikie ni nani aliyemwambia kwamba halitoshi.

Hapa mezani nina bomba tupu, sindano, na kanula, ambayo ncha yake ni butu na hupunguza hatari ya kutoboa mshipa ingawa haiimalizi. Kuna pia kichupa cha hayaluronidesi. Njooni mkishike mkione kilivyo, ili mkikiulizia huko mjini msionyeshwe kitu kingine.