Yai, taa moja na mawe ya Mlimwa

NEEMA: Mwalimu Musa, karibu tena kipindini. Leo penseli na vivuli. Nina malalamiko: kila nikichora tufe, linaishia kuwa sahani.

MUSA: (anacheka) Kwa sababu unaanza na mstari wa pembeni, unaukoleza, halafu unajaza weusi kandokando yake. Mstari huo ndio unaolibamiza.

NEEMA: Nianze na nini basi?

MUSA: Taa, mdogo wangu. Moja tu. Zima ya darini, funga pazia, weka taa ya mezani upande mmoja, juu kidogo. Taa mbili zinaleta vivuli viwili vinavyogombana. Halafu chukua yai jeupe, maana halina rangi ya kukuchanganya.

NEEMA: La kienyeji au la kisasa?

MUSA: Lolote, mradi usilile kwanza. Sasa finya macho mpaka ubaki na sehemu mbili tu: ya nuru na ya giza. Chora mpaka wao, kwa mkono mwepesi. Umbo linajulikana pale. Kwenye yai mpaka unayeyuka polepole. Kwenye kiberiti unakatika ghafla konani. Ukiufanya wa yai uwe mkali, umechonga kona ambayo haipo.

NEEMA: Na weusi mzito uko wapi? Mimi naupeleka ukingoni kabisa.

MUSA: Wengi wanafanya hivyo. Tazama tena: ule weusi ni mkanda, unapita jirani na mpaka. Ukielekea ukingoni, giza linapungua kidogo, kwa sababu kuna mwanga uliogonga meza ukarudi. Nenda jioni kwenye mawe ya Mlimwa, kile kilima cha hapa Dodoma. Tumbo la jiwe, upande wa kivuli, lina wekundu fulani. Ule ni udongo wetu unarudisha jua. Ila usizidishe! Mwanga huo wa kurudi haufikii weupe wa upande wa nuru. Hapo ndipo picha nyingi zinapoharibika.

NEEMA: Kwa nini jioni? Mchana jua ndilo kali.

MUSA: Kali, lakini halisaidii. Dodoma iko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, adhuhuri jua linapita karibu na utosi. Kivuli kinajificha chini ya jiwe lenyewe. Saa kumi na moja jioni ubavu mmoja unawaka, mwingine umezama, na kila ufa unauona.

NEEMA: Na kivuli kile kinacholala chini?

MUSA: Usikisahau, jiwe litaelea. Pale linapogusa ardhi kivuli ni cheusi sana na ukingo wake umekatika sawasawa. Kikienda mbali, ukingo unalegea.

NEEMA: Lakini mwalimu, michoro ya kale ya miambani ya Kolo kule Kondoa haina kivuli, na UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006.

MUSA: Wala haikosi kitu! Twiga unamjua kwa umbo la nje peke yake. Hata mchoraji wetu Tingatinga alipaka rangi bapa. Mimi hunikera mtu akiambiwa mchoro usio na kivuli ni wa kitoto. Kivuli ni hiari. Ukiamua kukitia, tia unachokiona, siyo kupaka weusi upande wa kulia kila siku kwa mazoea.

NEEMA: Penseli gani?

MUSA: HB ya kuanzia, 2B na 6B za giza. Namba ya B ikipanda, penseli inakuwa laini na nyeusi zaidi. Na acha kusugua kwa kidole, mafuta ya ngozi yanaacha madoa.

NEEMA: Umeme ukikatika je?

MUSA: Tochi ya simu, iegemeze kwenye kopo. Mshumaa unachezacheza, ukikohoa tu kivuli kimehama.

NEEMA: Haya, mmesikia. Tuleteeni mayai yenu, ya kuchorwa lakini, tuyaangalie kipindi kijacho.